Siku ya kupumzika mlimani imekuwa siri yangu na Mwalimu

Salamu Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkaazi wa Kisumu, na mweka hazina wa kikundi chetu cha watu sita tunaopenda kutembea milimani. Januari tunaingia Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim. Ratiba niliipanga mimi. Jumatatu tunatoka Kisumu kwa matatu ya Kakamega na Webuye hadi Kitale, tunalala karibu na lango. Jumanne tunapanda msituni hadi mita 2,900 hivi. Jumatano tunafika inapoishia barabara ya gari, kwenye mita 3,500. Alhamisi tunapumzika. Ijumaa tunapanda kilele cha Koitoboss na kurudi kambi ile ile, Jumamosi tunashuka hadi langoni, Jumapili tunarudi nyumbani. Tutakuwa na askari mmoja wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na wapagazi wawili, kwa hivyo jumla ni vinywa tisa.

Hiyo Alhamisi ndiyo inayoninyima usingizi.

Kati yetu kuna mzee wa miaka 61, nitamwita Mwalimu. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu na ndiye aliyetuzoesha milima. Bila yeye kikundi hakingekuwapo. Mwezi Agosti aliniita kando akanieleza kwamba tangu mwaka jana anameza dawa za presha, aina mbili, na moja humpeleka haja ndogo kila mara. "Weka siku moja ya kupumzika, binti yangu," aliniambia, "lakini usiseme ni kwa ajili yangu. Sitaki kuwa mzigo." Nikakubali. Hakuna mwingine kikundini anayejua.

Sasa watatu kati yetu wanataka Alhamisi ifutwe. Anayewaongoza ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, na kwa kweli ana sababu: Jumamosi hiyo kuna ukumbusho wa marehemu baba yake huko Siaya, na yeye ndiye kifungua mimba. Tukifuta siku ya kupumzika tutashuka Ijumaa na atawahi. Wale wengine wawili wanasema siku hiyo ni hasara tupu: kilo saba za chakula, malipo ya askari na wapagazi, ada ya kulala hifadhini, yote hayo kwa kukaa tu.

Na wana mfano. Mwaka jana huko milima ya Cherangany tulipumzika siku nzima, ikawa balaa. Kambi ilikuwa bondeni, jua likatufikia saa nne unusu asubuhi. Maji yalikuwa mwendo wa nusu saa. Watu walilala hadi karibu adhuhuri, wakaamka na njaa, tukaona kwa kuwa muda upo tupike maharagwe. Yalichemka muda mrefu ajabu na hayakuiva, gesi ikatuishia. Mmoja aliweka buti zake kando ya moto zikauke, soli zikaachia. Kufikia jioni watu walishaanza kusemana, nani ameteka maji mara ngapi na nani hajateka. Kesho yake tuliondoka kila mtu miguu imekakamaa.

Katika mkutano wetu wa mwisho niliulizwa kwa nini naing'ang'ania Alhamisi. Nikasema nataka kufua, wakacheka. Waliponibana nikasema KWS hawaruhusu kikundi kupanda kileleni bila kupumzika siku moja. Nilibuni tu. Shemeji anaweza kupiga simu langoni wakati wowote akaniumbua. Mwalimu alikuwa amekaa pale pale, kimya, akichezea kikombe chake cha chai.

Mmoja wao amependekeza kwamba siku hiyo ikibaki, wanaotaka wachukue askari waende kwenye chemchemi za maji moto za Suam, na sisi wengine tubaki hemani. Kura inapigwa Jumapili ijayo. Nimwombe Mwalimu abaki nyumbani? Niseme jambo lake bila idhini yake? Au niache kura iamue, siku ifutwe, halafu nipande nikiomba Mungu? Naona lolote nitakalofanya nitamsaliti mtu.

Mweka Hazina, Kisumu

*

Dada Mweka Hazina,

Katika barua yako yote, kilichonishika zaidi ni kile kikombe. Mwalimu alikuwapo, akakusikia ukijikwaa kwa ajili yake, akanyamaza. Simlaumu. Mwanaume wa umri wake, aliyewatangulia ninyi nyote njiani kwa miaka, haoni ni rahisi kusema mbele ya vijana kwamba mwili umeanza kudai chake. Ila aliogopa kuwa mzigo, na mzigo huo sasa umo kichwani mwako tangu Agosti.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: ahadi uliyompa mzee, siku ya mapumziko ambayo wenzako hawaioni maana yake, na ukumbusho wa Siaya. Umeyaona kama kitu kimoja kwa sababu yote yameangukia Alhamisi. Mimi naona yanaweza kufunguliwa moja moja.

Nianze na uongo wako. Sharti lile ulilibuni, sawa. Lakini tazama ulichokibuni. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Mkifika mita 3,500, kila pumzi mnayovuta ina hewa pungufu kwa robo nzima kuliko mliyoizoea kando ya ziwa. Madaktari wa magonjwa ya milimani wanashauri hivi: ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pamoja usiku wa pili. Ratiba yako inaruka mita 600 kati ya Jumanne na Jumatano, kisha inawapeleka Koitoboss kwenye mita 4,222. Mtu yeyote anayejua kazi hii angeitia Alhamisi hapo hapo ulipoitia, hata kama wote sita mngekuwa na miaka 25.

Kwa hiyo jiulize kama kweli unaitetea siku hiyo kwa ajili ya Mwalimu peke yake. Shemeji yako naye ataihitaji. Ugonjwa wa mwinuko haumbagui mwenye miguu ya chuma. Mara nyingi humpata kijana aliyepanda mbio. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi wa mang'amung'amu. Hayo yakitokea Alhamisi asubuhi, mtu hukaa palepale, hunywa maji, na hapandi tena hadi yaishe. Akianza kuyumba kama mlevi (mpe mstari wa kutembea kisigino kwa kidole, utaona), au akahema hali ameketi, au akakohoa makohozi yenye povu, hakuna tena kungoja kesho: anashushwa saa ile ile, hata usiku, angalau mita 500 hadi 1,000. Bahati yenu ni kwamba kambi ya pili iko inapofika barabara. Mkiwa na namba ya mwenye gari la kupanda mlima huko chini, na njia iwe kavu, kuna namna ya kumtoa mtu. Siku moja juu ya kambi hiyo, namna hiyo haipo.

Sababu hii unaweza kuipeleka mkutanoni Jumapili bila kumtaja Mwalimu wala KWS. Itakubidi pia ukiri kwamba lile la KWS halikuwa kweli. Utaona haya kidogo. Afadhali haya hayo sebuleni kuliko shemeji ayagundue langoni mbele ya askari.

Tukija kwa Mwalimu mwenyewe, kuna jambo linanitia wasiwasi kuliko kura. Umechukulia kwamba Alhamisi ikibaki, yeye yuko salama. Mapumziko huondoa uchovu wa miguu. Hayabadilishi yanayofanywa na dawa. Juu kule hewa ni kavu na baridi, mtu hupoteza maji kwa kuhema tu, na mwili wenyewe hutoa mkojo zaidi siku za kwanza. Mwenye kidonge cha kutoa maji anaongezewa hasara juu ya hasara. Utamjua kwa kizunguzungu akisimama ghafla, misuli kukaza usiku, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Presha nayo huelekea kupanda kidogo siku za mwanzo. Hakuna lolote kati ya haya linalosema asiende. Wazee wengi wenye presha iliyodhibitiwa hupanda milima mirefu. Linalosema ni kwamba daktari wake anapaswa kujua anakwenda mita ngapi na kwa siku ngapi, wiki mbili au tatu kabla, ili kama kuna dozi ya kurekebisha irekebishwe mapema na ijaribiwe akiwa nyumbani. Asije akaamua mwenyewe kuacha kidonge kwa sababu kinamsumbua njiani. Wengi hufanya hivyo.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi: zile dawa za kutuliza maumivu ambazo watembeaji hugawiana kama peremende, diklofenaki na ibuprofeni. Kwa mtu mwenye presha zinaweza kuipandisha, na zikikutana na kidonge cha kutoa maji huku mwili umekauka, figo ndizo zinazoumia. Mtu mwema kikundini, asiyejua lolote, atamwona Mwalimu akichechemea jioni, atamtolea vidonge viwili kwa upendo. Hapo ndipo siri inapouma. Parasetamoli ingemtosha, ila yule mwenye kutoa hajui kwamba kuna cha kuchagua.

Hebu rudi kwenye maneno yake kama ulivyoyaandika: "Usiseme ni kwa ajili yangu." Alikuomba usimfanye sababu ya siku hiyo. Sikusoma mahali alipokuomba askari asijue, au daktari asijue, au mtu atakayelala naye hema moja asijue. Huenda ndivyo alivyomaanisha. Wazee wetu husema nusu na kutuachia nusu. Lakini hujamwuliza, na ahadi unayoilinda inaweza kuwa kubwa kuliko ile uliyoombwa.

Sasa wale wawili wanaosema ni hasara. Kwa hesabu yao ya chakula, wako sahihi: vinywa tisa, gramu 800 kila mmoja, ni kilo saba na ushei. Ila kilo hizo mnazibeba Jumanne na Jumatano tu, kwa kuwa zinaliwa kambini Alhamisi. Kufikia Jumatano jioni mtakuwa mmeshakula siku mbili nzima, kilo 14 hivi, na migongo itakuwa imepungukiwa. Kilichowauma ni Cherangany, na nadhani hapo hawakosei kulalamika. Ile haikuwa siku ya kupumzika. Ilikuwa siku isiyopangwa. Na kila kilichoharibika kilikuwa na sababu yake.

Kambi kwanza. Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka ikajaa bondeni, na jua la asubuhi hukawia kufika huko. Mtu akiamka kwenye baridi hiyo hatoki ndani ya mfuko wa kulalia, na mwili uliolala saa 14 baada ya kubeba mzigo siku tatu hukakamaa. Kwa siku ya kulala mara mbili mahali pamoja, tafuteni mgongo mdogo wa ardhi unaoelekea mashariki, wenye kichaka au mwamba wa kukinga upepo, maji yasizidi dakika tano. Askari atawaonyesha panaporuhusiwa. Mwulizeni mkiwa langoni, msingoje mfike jioni mmechoka. Amkeni saa ile ile mnayoamka siku nyingine. Chai na uji kabla ya saa mbili, kisha mtembee polepole dakika 40 au saa moja bila mizigo, mpande kama mita 200 na kurudi. Mwili hujifunza hewa ya juu kwa njia hiyo, na miguu haigandi. Jioni tena kidogo. Katikati ndipo mnapolala, mnafua, mnacheza karata.

Maharagwe yale! Kwenye mita 3,500 maji huchemka yakifika nyuzi 88 hivi badala ya 100. Cherangany nako, kwa mwinuko wa kambi nyingi za huko, hayafiki mbali na hapo. Utayaona yakitokota kwa vishindo lakini joto la kuivisha halimo, na kadiri unavyongoja ndivyo unavyochoma gesi. Siku ya kupumzika huwadanganya watu kwamba sasa wanaweza kupika chakula cha nyumbani. Bebeni omena waliokwisha kukaangwa, mchele, mayai ya kuchemsha kwa siku mbili za mwanzo, njugu karanga, sukari nguru. Ndengu zikiwa lazima, zilowekwe tangu jana yake, na hata hivyo zitawasumbua. Au githeri iliyochemshwa Kisumu ikaanikwa hadi ikauke, ambayo juu inahitaji maji ya moto tu na uvumilivu. Kama mpagazi atakubali uzito wake, sufuria ya presha ndogo huondoa tabu hii yote. Ndiyo presha pekee inayokaribishwa mlimani.

Gesi: kwa watu tisa siku nzima, hesabuni mitungi miwili ya gramu 230 kwa Alhamisi peke yake, maana siku ya kukaa watu hunywa chai mara tano. Mtungi ukiachwa nje usiku wa barafu, asubuhi moto hutoka kama wa kiberiti na watu hudhani umeisha. Ulale nao ndani ya mfuko wako. Chakula cha Alhamisi kiwe katika mfuko wake, umefungwa na kuandikwa, usifunguliwe kabla.

Buti hazikaushwi na moto kwa sababu gundi ya soli hulainika na ngozi hukauka ikapasuka. Toa nyuzi, toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti kavu, weka kivulini penye upepo, badilisha karatasi kila baada ya saa mbili. Gazeti moja zima la zamani linatosha watu wawili. Na malengelenge yatazamwe mchana huo kwa utulivu, maana hakuna siku nyingine yenye mwanga na muda. Lililo dogo na lisilouma liache, lifunike. Lililojaa na linalouma: osha mikono na mguu kwa sabuni, safisha sindano kwa spiriti, toboa ukingoni karibu na ngozi nzima, matundu mawili au matatu, kandamiza maji yatoke, na ile ngozi ya juu usiibandue, ndiyo bandeji yako. Funika kwa kitambaa safi na plasta isiyo na mikunjo. Likiwa limezungukwa na wekundu unaosambaa au usaha, hiyo ni habari ya kushuka.

Ugomvi wa maji nao ni wa kuandika. Nani anateka asubuhi, nani jioni, nani anaosha sufuria: karatasi moja, kabla hamjatoka Kisumu. Watu wakitembea hawana nafasi ya kuhesabiana. Wakiketi, wanahesabu.

Ukienda mkutanoni na mpango wa namna hii, utakuwa unawaomba wapigie kura kitu tofauti na kile walichokichukia mwaka jana. Huenda wakakukatalia bado.

Hilo pendekezo la chemchemi za Suam, nalielewa kwa moyo, lakini lina mitego miwili. Chemchemi ziko ng'ambo ya ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano juu ya mlima, karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Kwenda ni kupanda hadi penye upenyo wa ukingo kisha kushuka ndani, na kurudi ni kupanda tena kutoka shimoni mkiwa mmeshachoka. Kwa walio wengi hiyo ndiyo siku nzito kuliko zote, na kilele kinawangoja kesho yake. Mtego wa pili ni huyo askari mmoja. Akienda na watatu, watatu na wapagazi wanabaki bila mlinzi katika hifadhi yenye nyati na tembo, na mmoja wa wanaobaki ndiye mwenye jambo lisilojulikana. Kama kikundi kitagawanyika, askari wa pili aombwe na kulipiwa mapema, saa ya kugeuka iwekwe (mawingu na mvua za Elgon hupenda alasiri, kwa hivyo saa sita mchana ni ya busara), na muelewane nini kitafanywa wasiporudi kufikia saa kumi na moja jioni. Simu msiitegemee.

Kuhusu Siaya, kuna siku moja ambayo hukuitaja popote kama siku ya kusafiri: Jumapili ya kwanza. Mkiondoka Kisumu Jumapili baada ya ibada, mkalala karibu na lango usiku huo, kila kitu kinatangulia siku moja. Mapumziko yanakuwa Jumatano, Koitoboss Alhamisi, kushuka Ijumaa. Si dawa kamili. Kushuka kilomita 30 hivi kwa siku moja kunaumiza magoti kuliko kupanda, na mtafika langoni jioni. Shemeji atalazimika kulala Kitale na kuamka alfajiri, au kupanga gari limchukue juu kwenye mwisho wa barabara. Mmoja wenu huenda ana kazi ya Jumapili. Lakini sijui kama umewahi kumwuliza shemeji swali hili: ukumbusho ukiwezekana na mapumziko yakiwapo, bado anataka yafutwe? Umemwona kama mpinzani wa Mwalimu bila yeye kujua kwamba kuna Mwalimu katika habari hii. Anachotetea ni baba yake.

Kumwomba Mwalimu abaki nyumbani, naona umeliandika kwa kalamu nzito. Kuna njia iliyo katikati, kwamba aende nanyi hadi kambi ya chini na abaki huko na mpagazi mmoja. Karibu na lango kuna mapango ya Kitum na Makingeny, na msitu wenyewe una mengi ya kutazama kwa siku nne. (Kitum tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe. Atazame akiwa mlangoni tu: mwaka 1980 na tena 1987 watu waliokuwa wamelizuru waliugua Marburg, homa kali ya virusi inayobebwa na popo, na popo hupenda mapango.) Hasara ya njia hii unaijua kuliko mimi: kwa mtu aliyewafundisha mlima, kuachwa langoni kunaweza kumuuma kuliko kubaki Kisumu. Na akilazimishwa na ninyi, atahisi ameshakuwa kile alichoogopa. Akichagua mwenyewe baada ya kusikia maneno ya daktari, ni jambo jingine.

Na kusema jambo lake bila idhini? Ukifanya hivyo huenda ukaokoa safari na kumpoteza mzee. Ukinyamaza kabisa, huenda ikawa kinyume. Kati ya hizo mbili kuna nafasi pana kidogo ya kuzungumza naye, na bado una siku kadhaa kabla ya kura.

Nenda kwake jioni, peke yako, bila ratiba mkononi. Mweleze kwamba Alhamisi ina sababu yake yenyewe na utaitetea kwa sababu hiyo, kwa hivyo jina lake halihitajiki kwenye kura. Halafu mwulize mambo madogo yanayojibika. Daktari ameambiwa mita ngapi? Dawa zitabebwa wapi, na kuna seti ya pili kwenye begi la mtu mwingine endapo lake litapotea au kulowa? Yuko radhi askari na mtu mmoja tu kikundini wajue majina ya hizo dawa, yameandikwa kwenye karatasi ndani ya mfuko wa shati lake? Atabeba ile mashine ndogo ya kupimia presha, na ni namba gani ambayo daktari akiiona atamwambia ashuke? Huenda akakasirika. Huenda akacheka akasema alikuwa akingoja umwulize. Akisema hapana kwa yote, nawe una haki ya kumwambia kwa heshima kwamba huwezi kulibeba hili peke yako hadi mita 3,500, umwachie siku mbili afikiri.

Usimalize chai haraka. Na umwulize pia kuhusu kile kikombe siku ile ya mkutano, alikuwa anataka kusema nini.